Neno la Amiri kwa Fundi Makasia

Shemeji yangu Vettor hakuwa mtu wa maneno mengi, ndiyo maana mtaa mzima wa Castello ulicheka ulipombandika jina la Vettor Neno. Jina hilo halikutokana na usemaji wake. Lilitokana na neno moja alilopewa na mkubwa, naye akaliweka miaka minne kama watu wanavyoweka sanda kabatini: kila mtu nyumbani anajua ipo, na hakuna mwenye haraka nayo.

Mimi ni Pasqueta, mdogo wake Orseta, mkewe Vettor. Nimeshona matanga katika Karakana Kuu ya merikebu tangu nina miaka kumi na minne, na sasa vidole vyangu havinyooki hata nikivivuta. Nasimulia habari za Vettor kwa kuwa wengine wakizisimulia humfanya mjinga, nami nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja kwenye foleni ya mkate. Hakuwa mjinga. Kama mjinga yupo katika habari hii, tutamfikia.

Alizaliwa hatua mia moja kutoka lango la Karakana, mwana wa fundi makasia na mjukuu wa fundi makasia. Kwetu kazi hii hurithiwa kama pua. Kasia la merikebu ya vita si lile la mtumbwi wa kuuzia mboga. Ni refu kuliko nyumba nyingi za mtaani, na fundi mbaya akilichonga vibaya humuua mpiga makasia polepole, bega kwanza, kisha kiuno, kisha moyo. Vettor alikuwa akiligonga gogo kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Gogo likijibu asivyopenda, alilisukuma kando bila kueleza, na msimamizi akipiga kelele aliendelea kugonga la pili.

Alimwoa dada yangu wakapata watoto watatu. Mwaka wa tauni walizika wawili katika wiki moja. Akabaki Lunardo, mwenye mdomo mwepesi kama wangu na mikono ya baba yake. Alipofika miaka kumi na saba jina lake liliandikwa kwenye daftari la Karakana, fundi makasia mwana wa fundi makasia, na Vettor alinunua samaki mkubwa siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake.

Sasa lile neno. Mwaka wa vita na Mturuki, kila kundi la merikebu lilichukua mafundi wake, na Vettor akapangiwa merikebu ya Amiri Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Anzolo Dolfarin. Huyu alikuwa wa ukoo mkubwa wenye mifuko mitupu. Alikwenda baharini akiwa kijana asiye na ndevu, akakaa huko miaka arobaini, na huko ndiko alikozeeka. Alikula biskuti za merikebuni zenye wadudu kama wapiga makasia wake. Aliwahi kumnyonga mpwa wa rafiki yake kwa kulala zamu, kisha akamwandikia rafiki yake barua kwa mkono wake. Mzinga ulikuwa umemuua sikio la kulia, kwa hiyo alipiga kelele kila wakati, hata akiomba chumvi. Huko baharini hakukuwa na wa kumuuliza. Akisema mtu afungwe, anafungwa. Akisema afunguliwe, pingu zinaanguka saa ile ile.

Asubuhi moja karibu na kisiwa cha Korfu, merikebu ya adui ilipita ubavuni mwa ile ya Amiri, karibu mno, ikayafagia makasia yote ya upande wa kushoto. Merikebu yenye makasia upande mmoja huzunguka tu pale pale, na adui alikuwa tayari anageuza kichwa ili arudi kumaliza. Vettor hakungoja amri. Alipita akiwapigia kelele watu wahamishe kasia moja katika kila mawili kutoka kulia kwenda kushoto, na yale yaliyovunjika juu akayaunga kwa mbao na kamba, hivyo hivyo, vibaya, lakini yalishika. Adui alipofika, merikebu ilikuwa inakwenda. Ilikwenda kwa kuchechemea, ila ilikwenda.

Amiri alishuka mwenyewe hadi kwenye mabenchi.

"Wewe fundi! Unaitwa nani?"

"Vettor, Mheshimiwa."

"Sema kwa nguvu, sikio hili limekufa!"

"Vettor! Wa Castello!"

"Sina cha kukupa, Vettor wa Castello. Lakini niombe jambo moja, lolote lililo mkononi mwangu, nami nitalitenda bila kuuliza swali. Padri huyu shahidi, na hawa wote mashahidi."

"Ahsante, Mheshimiwa. Kwa leo sina haja."

Wanasema mzee alicheka, mara ya kwanza safari nzima. "Basi liweke. Neno langu halichachi."

Vettor akarudi nyumbani nalo. Hakulitangaza yeye, walilitangaza wenziwe, na hapo ndipo mtaa ulipopata mchezo. "Vettor Neno, niombee mama mkwe wangu apelekwe Korfu!" "Vettor Neno, mwambie Amiri mvinyo wa Karakana upunguzwe maji!" Yeye alipita zake na randa yake begani. Dada yangu alimsihi aombe nyumba isiyovuja. Mimi nilimshauri kibali cha kuuza mvinyo. Alisema nyumba huvuja na mvinyo huisha, tungoje jambo.

Jambo likaja siku za San Martino, mwezi wa Novemba. Kwetu, vuli ikifika, watu wa Castello na wavuvi wa San Nicolò hupigana ngumi juu ya daraja lisilo na ukingo, upande mmoja ukiusukuma mwingine majini, na mji mzima hutazama kutoka madirishani. Ni upuuzi, na ningesema hivyo hata kama mpwa wangu hakuwa mmoja wao. Watu wa San Nicolò walianza na matusi yao ya kila mwaka: "Nyinyi mnampigia Doge makasia! Sisi tunapiga makasia pamoja naye!" Wao wana mzee wao wa wavuvi ambaye Doge, mkuu wa dola yote, humkumbatia mara moja kwa mwaka, na kwa kumbatio hilo hujiona wana wa mfalme. Lunardo alijibu, unajua mdomo wake. Ngumi ikawa ngumi, kisha kisu kikatoka kwa mtu asiyejulikana, na mvuvi mmoja akapoteza jicho. Walinzi walipofika, kisu kilikuwa mkononi mwa Lunardo. Aliapa alikipokonya. Mimi namwamini, lakini imani ya mama mdogo haiandikwi mahakamani.

Wakampa miaka saba ya makasia, kwa minyororo, kwenye merikebu za wafungwa. Jina lake likapigwa mstari kwenye daftari la Karakana. Miaka saba kwenye mabenchi yale, wengi hawarudi wa tatu.

Tulikuwa mezani, supu ya maharage imepoa hakuna aliyeigusa. Dada yangu alisema, "Neno lako lipo. Merikebu za wafungwa ziko Korfu, na Dolfarin yuko Korfu. Panda chombo cha kwanza kinachotoka."

Vettor alisukuma bakuli lake kando. "Akimtoa kule, atakuwa mfungwa aliyefunguliwa tu. Hukumu bado ipo, na daftari limefutwa. Atarudi hapa afanye nini, Orseta? Auze kaa?"

"Auze kaa! Auze hata magamba ya kaa, lakini awe hai!"

"Doge amelala kitandani tangu Septemba. Kila mtu anasema atakayefuata ni Dolfarin, kwa ajili ya ushindi. Akiwa Doge nitamwomba aifute hukumu yenyewe. Jina lirudi daftarini. Mtoto arudi mzima, si nusu."

Mimi nikaingilia. "Shemeji, Doge hawezi kufungua barua ya binti yake mpaka washauri sita waisome kwanza. Hawezi kulala nje ya mji bila ruhusa. Hata watoto wanajua."

"Hao ni Doge wengine. Huyu hujamwona wewe."

"Chelewa chelewa," Orseta alisema taratibu, "utakuta mwana si wako."

Vettor aliinuka akaenda kazini, na ilikuwa bado saa nzima kabla ya kengele.

Nataka nieleweke hapa. Sote tulijua Doge hana nguvu. Mji wetu umemfunga mkuu wake kwa sheria kama maiti kwa sanda, na tunajivunia, tunasema ndiyo maana hatujawa na dhalimu. Lakini sisi wa Karakana tuna kosa letu wenyewe, halipo San Nicolò wala kwingine. Ni sisi tunaolinda jumba lake mji unapokosa Doge, na siku ya kuchaguliwa ni sisi tunaomzungusha uwanjani kwenye kiti juu ya mabega yetu. Mtu akishambeba mtu begani hudhani ana sehemu yake. Tunamjua Doge ni mfungwa, na bado kila mmoja wetu moyoni anaamini kwamba kwangu mimi, siku yangu, ataweza.

Doge wa zamani alichukua miezi minne kufa. Miezi minne Vettor alichonga makasia, na dada yangu alihesabu siku kwa maharage kwenye bakuli, kila siku moja, hata bakuli likajaa akahamia kwenye sufuria. Hatukupata barua hata moja. Mwezi Machi kengele zikalia, wakubwa wakapiga kura zao za kuzungushana, na jina likatoka: Dolfarin. Aliletwa kutoka Korfu kwa shangwe. Orseta alilia kwa furaha kwenye jiko, akanikumbatia na mikono ya unga.

Siku ya kumzungusha Doge kitini, Vettor aliomba kubeba mti wa mbele kulia, akapewa. Mimi nilikuwa nimebanwa kwenye nguzo za jumba pamoja na washona matanga wenzangu. Nilimwona mzee amekaa mle kitini na kofia yake mpya ngumu, akirusha sarafu kwa watu, na uso wake umekuwa wa kijani. Mtu aliyekaa miaka arobaini juu ya mawimbi bila kutapika alikuwa anaugua bahari juu ya mabega ya watu. Vettor aliinua kichwa akaita, "Mheshimiwa! Vettor wa Castello!" Aliita mara tatu. Lakini alikuwa upande wa kulia, upande wa lile sikio lililokufa, na mzee alirusha sarafu ikamgonga Vettor kwenye paji la uso, akatazama kwingine.

Ilibidi angoje wiki tatu apate nafasi ya kuonana naye. Dada yangu alimfungia kifurushi cha majani ya rihani na maua ya bustanini, kwa sababu Doge haruhusiwi kupokea zawadi yoyote isipokuwa maua na majani ya kunukia. Vettor alivaa koti la marehemu baba yetu. Aliyoyaona mle ndani alinieleza mara moja tu, lakini niliyashika.

Mzee alikuwa amekaa juu, na washauri sita wenye majoho mekundu kushoto na kulia kwake. Alipomwona Vettor aliruka kusimama. "Fundi wangu wa makasia!" Mshauri mmoja aligusa mkono wa joho lake, na mzee akakaa.

"Mtukufu Doge, nimekuja kwa lile neno. Mwanangu Lunardo yuko kwenye minyororo, merikebu za Korfu."

"Korfu? Tangu lini?"

"Tangu siku za San Martino."

Mzee alihesabu kwa vidole, Vettor alimwona akihesabu. Kisha akapaza ile sauti yake ya baharini. "Nilikuwa Korfu mpaka Machi! Kwa nini hukuja? Ningemtoa kabla supu haijapoa!"

Mshauri alikohoa. "Mtukufu Doge anamaanisha kwamba jambo hili litatazamwa."

"Simaanishi hivyo!"

"Mtukufu Doge ndivyo anavyomaanisha," mshauri alirudia kwa upole, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Vettor alisema mzee alitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akazungumza kwa sauti ya chini, na Vettor hakuwahi kujua kwamba mtu yule alikuwa na sauti ya chini. "Andika ombi, fundi. Ombi la kawaida. Kama la mtu yeyote. Umenielewa? Kama la mtu yeyote."

Wakamchukua nje. Maua yalibaki juu ya meza.

Alipomaliza kunieleza, mimi ndiye niliyelipuka, si dada yangu. "La kawaida? Baada ya padri na mashahidi mia mbili? Anakuruka huyo! Amepata kofia, sasa hataki kujulikana ana deni la mtu wa mabenchi!" Nilikuwa na hasira ya mchana mzima wa sindano, nikaimwaga yote pale. Orseta alinifuata, kwa kuwa alihitaji kumfuata mtu. Kesho yake tulimkokota Vettor hadi kwa mwandishi wa barua anayekaa chini ya nguzo za uwanjani, na nikamwambia mwandishi, "Weka juu kabisa, mstari wa kwanza, kwa herufi nene: kwamba Mtukufu Doge, alipokuwa Amiri, aliapa mbele ya padri kumtendea mwombaji huyu jambo moja lolote. Kisha ndiyo useme habari za mtoto."

"Shemeji," Vettor alisema, "alisema la kawaida."

"Alisema hivyo ili akukwepe. Likiandikwa hivi hawezi kukwepa. Wewe ulinyamaza miezi minne, ukaona faida yake?"

Alinitazama. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala siku nyingi. "Haya," akasema. "Andika."

Ombi lilifika barazani mwezi wa Juni. Bavera, mlinzi wa mlango wa baraza, ni binamu yetu, na ndiye aliyetuletea habari, kofia mkononi, akisimama karibu na pipa la maji kama mtu asiyetaka kukaa.

Katika baraza lile wanapiga kura watu kumi na saba, Doge akiwa mmoja wao, kura moja kama wengine. Karani alisoma mstari wa kwanza, ule wangu. Hakufika wa pili. Mshauri mmoja alisimama, akasema kwamba kwa sheria, mtu aliyejifunga kwa ahadi kwa mwombaji hawezi kupiga kura juu ya ombi lake, na lazima atoke nje ya chumba. Doge alibisha. Bavera alisema alipiga kelele mpaka wapiga makasia chini gatini walitazama juu. Wakamsomea sheria. Akasoma mwenyewe. Kisha akainuka, akakusanya joho lake lisiguse sakafu, akatoka, akasimama ukumbini karibu na Bavera kama mwanafunzi aliyefukuzwa.

Vipira vya kupigia kura vimetengenezwa kwa kitambaa, ili vikiangushwa sandukuni visisikike. Tunavishona sisi, wanawake wa matanga, kutoka kwenye mabaki. Vyeupe vya ndiyo, vyekundu vya hapana. Nimeshona vingapi sijui. Siku ile, vyeupe vilikuwa vinane na vyekundu vinane, na kura zikilingana hukumu hubaki ilivyo.

"Alinisogelea," Bavera alisema, "akaniuliza, ngapi kwa ngapi? Nikamwambia, nane kwa nane, Mtukufu. Akakaa kwenye benchi letu sisi walinzi. Akasema, 'Nilimwambia la kawaida.' Akalisema mara mbili."

Basi mjinga ni mimi, mmemfikia. Mzee hakuwa anakwepa. Alikuwa na kura moja tu katika dola nzima, alitaka kuitumia kwa Lunardo bila mtu kujua, na mimi nikamtoa nje ya mlango nayo mkononi. Dada yangu hakupiga kelele. Alichukua sufuria yenye maharage ya siku, akayamwaga kwenye mfereji, akaenda kulala saa nane mchana. Hakuniita kwa jina tangu Juni hadi Krismasi. Kama alihitaji chumvi yangu, alimtuma Vettor.

Nilimwendea Vettor karakanani nikamwomba radhi. Nililia, sioni aibu kusema. Aliacha randa.

"Wewe ulisema neno moja, shemeji. Mimi nililinyamazia miezi minne, na yeye alikuwa pale pale Korfu, hatua ishirini kutoka kwa mwanangu. Usinichukulie mzigo wangu."

Ombi lililoanguka halirudishwi mpaka mwaka upite. Kabla haujapita, Februari, Doge alikufa. Bavera alisema alikuwa ameacha kupiga kelele miezi mingi kabla; washauri walinong'ona kwenye lile sikio zima naye akatikisa kichwa kukubali. Sisi wa Karakana tukalinda jumba kama desturi. Siku ya mazishi watu wetu huliinua jeneza la Doge mara tisa mbele ya mlango wa San Marco, juu na chini, ili amuage mtakatifu, na Vettor alikuwa mmoja wa walioinua. Niliogopa angekataa. Baadaye nilimuuliza alijisikiaje.

"Alikuwa mwepesi," akasema. "Kiti ndicho kilichokuwa kizito siku ile." Akaomba maji ya kunywa.

Tuliandika ombi la pili, la kawaida kabisa, kama la mtu yeyote. Likaanguka kwa kumi na wawili dhidi ya watano. Vita vilikuwa vinanukia tena, na wakati wa vita hakuna anayemfungua mpiga makasia.

Mwezi uliofuata iliingia amri ya makasia mapya kwa merikebu za wafungwa, mia moja na sitini, yale makubwa yanayovutwa na watu watano kila moja. Kazi ya hayo hufanywa mbio mbio. Hakuna anayehangaika na mipini, kwa sababu mikono itakayoishika haina wa kuisemea. Vettor alichonga lake la kwanza kama kawaida, kisha akakaa chini na kigae cha kioo kutoka Murano kwa mafundi vioo, akaanza kukwangua mpini. Alikwangua, akapitisha kiganja, akafumba macho, akakwangua tena. Jua lilizunguka ua wote. Msimamizi alikuja akasimama juu yake.

"Vettor, hayo ni ya wafungwa, si ya bwana harusi. Siku nzima kwa mpini mmoja?"

"Najua ni ya nani."

Msimamizi alichuchumaa kando yake, naye pia ni baba. "Basi lainisha mawili matatu vizuri, kwa ajili yako, mengine yaache yaende."

"Sijui atashika lipi," Vettor alisema.

Msimamizi aliondoka. Mimi nilikuwa nimeleta matanga ya kupimwa, nikaona yote, na mashavu yangu yalikuwa yamelowa kabla sijajua. Niliyaweka matanga chini. Niliokota kigae kwenye ndoo yake, nikakaa kwenye kasia la pili, na kwa vidole hivi visivyonyooka nikaanza kukwangua.